Bia ya Mji Wenu Haifi kwa Ladha

Wateja wangu vijana wakisikia wazee wakitaja Kibo Gold, huuliza ilikuwa kitu gani. Ilikuwa bia, na ilipikwa hapa hapa Moshi. Serikali iliibinafsisha Tanzania Breweries (TBL) mwaka 1993 na South African Breweries wakaingia. Wakenya wa East African Breweries hawakukubali kuachwa nyuma: miaka hiyo hiyo ya 1990 walivuka mpaka wakaweka kiwanda chini ya mlima, Kibo Breweries. Wa Afrika Kusini nao wakajibu kwa kufungua kiwanda cha bia yao ya Castle mjini Thika, Kenya, mwaka 1998. Kwa kipindi kile mnywaji alibembelezwa na kila upande, na mwenye baa alitembelewa kama mkwe.

Mwaka 2002 wakubwa wakakaa wakaelewana. Castle ya Thika ikafungwa. Kiwanda cha Moshi kikaacha kupika bia. Kenya ikabaki kwa Kenya Breweries, kampuni tanzu ya East African Breweries, Tanzania ikabaki kwa TBL, na kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa kwa mwenzake. Tusker ya kunywewa Tanzania ikawa inapikwa na TBL kwa leseni.

Katika yote hayo hakuna aliyekuja kumuuliza mnywaji wa Majengo au Kiboriloni, mitaa ya hapa Moshi, kama bia ya mjini kwake ilikuwa nzuri au mbaya. Ndiyo maana nachoka ninaposikia watu wakisema kiwanda fulani kilikufa kwa sababu bia yake haikuwa na ladha. Nimeuza bia Moshi kwa miaka mingi, grosari kwanza na baa baadaye, na nilichokiona ni kwamba bia ya mji inaondolewa na mambo yanayotokea kabla chupa haijafika mezani: mikataba, kodi, friji, na chupa tupu zilizolala stoo. Ladha huja kulaumiwa mwishoni. Kama unaipenda bia ya kwenu, au unataka kuiuza, au una ndoto ya kuipika kama kijana mmoja aliyeniandikia akitaka kufungua kiwanda kidogo mjini kwao, haya ndiyo ningekushauri.

Maji ya mlima na chupa iliyochoka

Kuna mzee wangu mmoja, mteja wa siku zote. Hashiki glasi kabla hajaigeuza chupa kutafuta mhuri wa tarehe. "Mama, hii ni ya Arusha au ya Dar?" Ikiwa ya Dar anakunja uso, anasema maji ya pwani hayafai kupikia bia. Meza ya pili yupo anayeapa kwamba ya Arusha ndiyo inayoumiza kichwa. Nimesikia wageni kutoka Mwanza na Mbeya wakiyasema hayo hayo kuhusu viwanda vya kwao.

Mzee yule namheshimu, na nakuambia ulimi wake hauna kosa. Sababu anayoitoa ndiyo sikubaliani nayo. Kiwanda kikubwa hakichukui maji kama yalivyotoka kwenye chanzo. Kinayachuja, kinapima chumvichumvi zake na kuzirekebisha, ili bia ya Kilimanjaro iliyopikwa Arusha na ile ya Dar es Salaam zisitofautiane. Kampuni yenye viwanda katika miji minne inatumia fedha nyingi kuhakikisha huwezi kujua chupa yako imetoka wapi.

Kinachotofautiana ni safari. Kutoka Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, na kreti huenda limekaa ghalani kabla na baada ya hapo. Bia nyepesi tunazokunywa hapa huwa katika ubora wake zikiwa changa. Joto linazichakaza haraka, zinaanza kuwa na ladha ya kadibodi iliyolowa, na ule uchungu mzuri wa mwishoni unafifia. Jua ni baya zaidi: mwanga unavunja kemikali zinazotokana na hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, na bia inatoa harufu kama ya kicheche. Chupa ya kahawia inaikinga kwa kiasi kikubwa, ya kijani kidogo, na nyeupe karibu haikingi kabisa.

Niliwahi kuwamiminia wateja wangu wa kudumu bia ya jina moja katika glasi bila kuwaonyesha chupa. Nilichanganya viwanda, na chupa moja niliichukua kutoka kreti lililokuwa limekaa karibu na dirisha. Hakuna aliyetambua kiwanda. Ile ya dirishani waliitambua wote, na wengine waliisukuma pembeni baada ya funda la kwanza. Tangu siku hiyo stoo yangu haina dirisha wazi, na kreti la zamani linatoka kwanza, jipya linapangwa nyuma.

Kwa hiyo mnywaji, usikose kuutazama mhuri wa tarehe, maana hapo ndipo penye sifa ya kweli ya bia ya nyumbani: imefika kwako ikiwa bado changa. Bia ya Mwanza inywe Mwanza. Ukiikuta Dodoma haijakupendeza, usiihukumu kabla hujaionja ilikozaliwa. Na kama unataka kujua bia ni nzuri kweli, agiza ya moto. Wageni hushangaa Watanzania wengi tunavyokunywa bia ambayo haijaingia kwenye friji, lakini baridi kali inaficha kasoro nyingi. Wateja wangu wa "ya moto" ndio waamuzi wakali kuliko wote, na mimi huwasikiliza wao kwanza nikipokea mzigo mpya.

Kuhusu kichwa kuuma: soma asilimia ya kilevi. Safari ina 5.5, Kilimanjaro ina 4.5. Mtu aliyezoea Kili, akaletewa Safari idadi ile ile tena bila chakula wala maji, ataamka na kichwa kizito, kisha alaumu kiwanda. Nimeziona bia za miji zikipata jina baya kwa namna hiyo tu, na jina hilo likishaingia mtaani halitoki kwa matangazo.

Friji ni la nani?

Sasa nizungumze na wenye baa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Ukifungua baa, muda si mrefu atakuja afisa mauzo wa kampuni kubwa. Atakupa friji lenye nembo, viti, meza, mwavuli, pengine na rangi ya ukuta. Vitu hivyo ni msaada wa kweli kwa anayeanza, sikatai. Lakini friji hilo ni mali ya kampuni, na linatarajiwa kujazwa bia za kampuni. Ukiweka nyingine ndani yake, simu itapigwa. Ile bia ndogo ya mji jirani itabaki chini, kwenye kreti, nyuma ya kaunta, na asilimia kubwa ya wateja hawaagizi wasichokiona kwa macho. Baada ya muda utasema haina soko. Soko itapata wapi wakati haijawahi kuonekana?

Soma mkataba wote kabla hujapokea hata kiti. Halafu jinyime, nunua friji moja la kwako mwenyewe, hata likiwa dogo, hata la mtumba. Humo weka unachotaka. Mimi friji langu la kwanza lilinipa uhuru ambao punguzo la bei kwa kreti halijawahi kunipa.

La pili ni mali kauli. Tumezoea kuchukua mzigo, kuuza, ndipo tulipe. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia baa mia zinazochelewesha. Mpikaji mdogo hawezi, kwa kuwa ushuru wa bidhaa anadaiwa kwa bia iliyotoka kiwandani, iwe wewe umemlipa au hujamlipa. Kama unataka kumsaidia, chukua kreti chache lakini lipa taslimu. Sifa na picha za mitandaoni hazimlipii kimea, ile nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia.

La tatu ni chupa. Bia yetu kubwa ni ya chupa inayorudi: inaoshwa, inajazwa tena, inarudi sokoni. Kwa kiwanda kidogo, chupa na kreti ni mtaji mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila chupa inayobaki kwako ikiwekwa asali, samli au mafuta ya taa ni chupa ambayo kiwanda kitalazimika kununua upya. Nimewahi kusikia mpikaji akisema ana bia ya kutosha kwenye matangi lakini hana cha kuitia. Rudisha tupu mapema, zitenganishe kwa kampuni, na usimwazime jirani kreti usilojua litarudi lini.

Nawe mnywaji, acha kusema "nipe bia yoyote." Mhudumu ataleta iliyo karibu na mkono wake, au ile ambayo vizibo vyake vina zawadi mwezi huo. Taja jina. Ikiwa haipo, mwambie mwenye baa kwa adabu kwamba ungeipenda. Watu watatu wakiniuliza bia moja katika wiki moja, nampigia simu wakala. Hata ikija mbovu, irudishe kaunta na useme imekuwaje, usiinywe kwa huruma. Huruma hiyo inakiacha kiwanda gizani, na wengine waliokunywa mzigo ule ule hawatarudi.

Kodi na mashamba

Kila Juni, bajeti inaposomwa, sisi wauza bia tunakaa karibu na redio. Shilingi chache kwa lita zinatosha kumhamisha mnywaji kutoka bia kwenda kwenye pombe kali ya bei rahisi, au kwenye gongo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwa majirani zetu. Mwaka 2004 Kenya ilianza kuuza Senator, bia ya pipa iliyopewa nafuu ya kodi ili mwenye kipato kidogo aache chang'aa, gongo ya kwao. Mtama wake ulitoka kwa wakulima wa ndani. Oktoba 2013 Serikali ikaweka ushuru wa asilimia 50 ya kiwango cha kawaida. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka vibaya, na mkulima aliyekuwa amepanda mtama akabaki akiutazama. Nafuu iliporudishwa, uwekezaji nao ukarudi: mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa upya kwa ajili ya bia hiyo. Kinywaji ni kile kile na wanywaji ni wale wale. Kilichobadilika ni kodi.

Naivasha wana historia yao na Keroche. Kampuni ile ilianza mwaka 1997 na mvinyo wa bei nafuu. Kodi ya mvinyo wa aina hiyo ilipopandishwa mwaka 2007 ililazimika kugeuka, na mwaka 2008 ikaingiza bia yake, Summit, katika soko ambalo lilikuwa na mwenyewe tayari. Kisha ikaja miaka ya kuvutana na mamlaka ya mapato kuhusu mabilioni ya shilingi, mpaka kiwanda kikafungwa kwa muda mwaka 2022. Mwaka huo huo mwanzilishi wake, Tabitha Karanja, alichaguliwa kuwa seneta wa Nakuru. Siwezi kuamua nani alikuwa na haki katika kila shilingi iliyodaiwa. Ninachomwambia kijana anayetaka kupika ni hiki: tafuta mhasibu kabla ya kumtafuta fundi wa mitambo, na hesabu zako ziwe safi tangu lita ya kwanza.

Hapa kwetu maumivu yako pia shambani. Shayiri inalimwa West Kilimanjaro, Monduli, Karatu. TBL walikuwa na kiwanda cha kimea Moshi, na kilipofungwa, mkulima wa shayiri alipoteza mnunuzi wa karibu. Watu wengi hawaoni uhusiano kati ya glasi yao na shamba hilo. Kwangu huo ndio uzito wa neno "bia ya kwetu." Nembo ya mlima kwenye lebo ni nzuri, naipenda, lakini napenda kujua pia nafaka iliyomo ilivunwa wapi na kimea kilioteshwa wapi. Muulize afisa mauzo swali hilo. Akikosa jibu, atalipeleka juu.

Ndugu zetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wana shida ambayo hakuna mhasibu wala mnywaji anayeweza kuitatua. Bia ya Primus imepikwa pale na kampuni ya Bralima kwa miongo mingi, na watu wa mji wanaihesabu kuwa yao kabisa. Juni 2025 Heineken, wenye Bralima, walitangaza kwamba wamepoteza udhibiti wa shughuli zao Bukavu na Goma kwa sababu ya vita, na wakawaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki. Nikiwasikia watu hapa wakibishana kuhusu maji ya Arusha na ya Dar, huwa nawakumbuka.

Moshi yenyewe haikukaa bila kiwanda. Makubaliano yale ya 2002 yalikuja kuvunjika. East African Breweries hawakuridhika na jinsi bia zao zilivyokuwa zikishughulikiwa hapa, mwaka 2010 wakanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, na Serengeti leo wanapika Dar es Salaam, Mwanza na hapa Moshi. Vijana wamepata ajira. Ila najua, na wazee wa hapa wanajua, kwamba kiwanda ambacho uamuzi wake unafanyika mbali kinaweza kuondoka vilevile kilivyokuja. Anayefanya kazi humo ningemshauri achukue cheti cha kila mafunzo anayopewa. Fundi wa mitambo ya kujaza chupa ataajiriwa kwenye maji, soda au maziwa. Ujuzi usio na karatasi unamfungia mtu mlango.

Mbege haina afisa mauzo

Siwezi kuzungumza bia ya Moshi nikaiacha mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Ndizi zinapikwa zikaiva mpaka kuwa nyekundu, zinaachwa zichachuke, ndiyo nyalu. Ulezi unaoteshwa, unasagwa, unapikwa uji, ndiyo mso. Vinachanganywa, na magome ya msesewe yanaleta ule uchungu unaoshikana na utamu wa ndizi. Ni kazi ya siku nyingi na kuni nyingi, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya kina mama. Inanywewa siku moja au mbili ikishachanganywa, baada ya hapo inakuwa kali mno.

Kila baada ya muda hutokea mtu anayetaka kuitia mbege kwenye chupa na kuipeleka Dar kwa Wachagga wa mjini. Wazo zuri, na soko lipo. Lakini mbege iko hai. Ukiifunga ikiwa bado inachachuka, hewa inajaa na chupa inapasuka. Ukiichemsha ili kuizima, unapata kinywaji kingine ambacho mzee wa Kibosho atakitema. Watengenezaji wa Chibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani, walilikabili tatizo hilo kwa njia ya kuigwa: walitengeneza boksi linaloruhusu hewa kupumua, wakakubali kwamba kinywaji chao kinaishi siku chache tu, wakakipeleka sokoni haraka kwa mpango huo. Anayetaka kuijaribu mbege aanzie hapo. Auze karibu kwanza, kwa dumu safi lenye tarehe ya kuchanganywa, kwa vilabu na shughuli za harusi na matanga ndani ya saa chache za gari, kabla hajaota kuhusu Dar.

Mama anayepika mbege naye anahitaji mambo machache yanayoeleweka: maji safi, vyombo visivyokuwa na kemikali hapo awali, na bei inayolipa kuni na ulezi. Ndizi sasa zinagombaniwa na malori ya kwenda sokoni Dar es Salaam, na mwenye kilabu bado anataka kununua kwa bei ya zamani. Mimi ninapoagiza mbege kwa ajili ya wageni wa baa yangu, namlipa nusu mapema ili anunue ulezi bila kukopa, na namwachia yeye apange siku ya kuchanganya. Anayeharakisha mbege anapata tumbo la kuuma, kisha maneno yale yale kwamba pombe ya hapa ni mbaya.

Na kijana uliyeniandikia ukitaka kufungua kiwanda kidogo mjini kwenu, sikukatishi tamaa. Jibu kwanza haya kwa maandishi: chupa tupu zitarudi kwa gari la nani, friji litakalobeba bia yako ni la nani, ushuru wa mwezi wa kwanza utalipwa kwa fedha ipi kabla baa hazijakulipa, na nafaka yako inatoka kwa mkulima yupi. Ukishayajibu, njoo Moshi na chupa zako. Friji langu dogo lina rafu ya juu, na nitakulipa taslimu.